Baba ana ugonjwa wa Parkinson na miguu yake huganda mlangoni: tumsaidieje?

Swali

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Baba yangu ana umri wa miaka 71 na huu ni mwaka wa 6 tangu agundulike kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Kutetemeka kwa mkono tumekwisha kukuzoea. Kinachotunyima usingizi sasa ni kutembea kwake. Huburuta nyayo kwa hatua fupi fupi, mkono wake wa kulia haupungi tena anapotembea, na kila afikapo mlangoni miguu huganda ghafla kana kwamba imegundishwa sakafuni, ilhali kifua kinaendelea kwenda mbele. La ajabu ni kwamba ngazi huzipanda bila kukwama. Wiki iliyopita nilimwita kutoka nyuma, akageuka kunijibu, akaanguka, na mpaka leo ninajilaumu. Mdogo wangu anaamini kwamba Baba amekata tamaa na hajitahidi; mimi naona sivyo. Tufanye nini miguu inapoganda, na je, dawa zinaweza kuliondoa tatizo hili?

Jibu la 1 (mtaalamu wa tiba ya viungo)

Pole sana, dada, na tafadhali usijilaumu. Mweleze mdogo wako kwamba Baba anajitahidi kuliko ninyi nyote mnaotembea bila kufikiri. Katika ugonjwa huu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe ndani ya ubongo, hufa kidogo kidogo, na bila dopamini ya kutosha zile sehemu za ndani ya ubongo zinazoendesha mienendo tuliyoizoea hushindwa kazi yake. Hatua ambayo kwako hujiendea yenyewe, yeye hulazimika kuikusudia. Ndiyo maana mlango mwembamba, kona, haraka, au hata swali analoulizwa akiwa njiani huweza kumkwamisha. Ngazi humsaidia kwa sababu kila kidato ni alama inayoyaonyesha macho mahali pa kukanyaga. Nanyi mnaweza kumtengenezea alama kama hizo: bandikeni vipande vya utepe wenye rangi inayoonekana vizuri, vikikingama njia yake kabla na baada ya mlango, avivuke kimoja kimoja.

Miguu ikiganda, msimvute mikono kamwe, kwani kiwiliwili kitakuja na miguu itabaki, na hapo ndipo wagonjwa wengi huanguka. Asimame kwanza, aache kushindana na miguu, avute pumzi, ahamishe uzito taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha ainue goti na kupiga hatua moja kubwa. Unaweza kumhesabia kwa mdundo, au ukaweka mguu wako mbele ya wake ili auvuke. Wakati wa kugeuka asizunguke palepale alipo. Azunguke kwa duara pana, kama anayeizunguka meza. Na mkitaka kuzungumza naye, njooni mbele yake, asimame, ndipo mseme.

Jibu la 2 (mke wa mgonjwa)

Nayaunga mkono hayo kwa yale niliyoyaona kwa mume wangu, ila naongeza tahadhari kuhusu vifaa. Tulimnunulia kigari cha kutembelea chenye magurudumu 4 bila kumuuliza mtaalamu yeyote, na kwa kuwa hatua zake huanza fupi kisha zikakimbizana, kigari kilimtangulia naye akakifuata hadi chini. Baadaye tulipata kile ambacho breki zake hujifunga zenyewe mtu anapoachia mikono, nacho kinamfaa. Viatu navyo tulivikosea: kandambili zilimtoka miguuni, na soli za mpira unaong'ang'ania sakafu zilimkwaza kwa sababu hanyanyui nyayo vya kutosha. Mazulia madogo tuliyaondoa yote.

Jibu la 3 (daktari)

Kuhusu dawa, jibu linategemea saa. Andikeni kwa siku kadhaa saa anazomeza levodopa, yaani dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na saa ambazo miguu huganda. Ikiwa hukwama zaidi dozi inapokaribia kwisha nguvu, daktari wake anaweza kurekebisha ratiba au kiasi, na mara nyingi nafuu hupatikana. Ikiwa hukwama hata dawa inapofanya kazi vizuri, kuongeza dozi huenda kusisaidie. Usawa wa mwili wenyewe, yaani uwezo wa kujishika anapoyumba, hauitikii levodopa kama ugumu wa misuli unavyoitikia, kwa hiyo mazoezi ya usawa yanayosimamiwa ni sehemu ya tiba kamili. Ombeni pia apimwe shinikizo la damu akiwa amelala na tena baada ya kusimama dakika 3, maana likishuka sana anaposimama humwangusha mtu hata miguu isipoganda. Na mtajieni daktari kila dawa anayotumia, ikiwemo ya kichefuchefu, kwa kuwa metoklopramidi huzidisha dalili za Parkinson. Msiikatize levodopa ghafla kwa uamuzi wenu. Kufanya hivyo ni hatari.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Tumeandika kwa siku 9: karibu mara zote miguu huganda kuanzia saa 9 alasiri, muda mfupi kabla ya dozi ya tatu, na daftari hilo tunalipeleka kliniki. Utepe aliubandika mdogo wangu mwenyewe baada ya kulisoma jibu la kwanza, na tangu siku hiyo hamhimizi tena Baba afanye haraka. Mlango wa sebuleni anauvuka sasa. Lakini usiku, akienda msalani, bado anakwama.

Jibu la 1

Usiku alama hazionekani, na huenda pia dozi ya jioni imekwisha nguvu; mtajieni daktari jambo hilo. Acheni taa ndogo ikiwaka kutoka kitandani hadi msalani, akae ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama, na wekeni chombo cha kukojolea karibu naye ili asilazimike kwenda kwa haraka.