Spematheka ya nyungunyungu ni nini hasa?

KimaraTemboni: Wakuu, kwenye mchoro wa nyungunyungu kuna spematheka na vifuko vya manii. Vinatofautianaje, na nitavitambuaje nikimpasua?

MwlBaiolojia: Spematheka hutunza mbegu za kiume alizopokea kwa mwenzake. Vifuko vya manii hukomaza mbegu zake mwenyewe. Kila nyungunyungu ana jinsia zote mbili, kwa hiyo anavyo vyote. Hapo ndipo wengi hupoteza alama. Kwa Lumbricus terrestris, aina moja ya nyungunyungu, spematheka ni jozi 2, pingili ya 9 na ya 10. Kokuni (kifuko cha mayai) hutengenezwa kwenye mkanda, yaani sehemu nene inayozunguka mwili, husogea mbele, hupokea mayai pingili ya 14, kisha mbegu kutoka spematheka. Utungisho hufanyika ndani ya kokuni, si mwilini.

FundiMaabara: Pasua mgongoni, wembe juujuu. Ukizamisha unatoboa utumbo, uchafu unaficha kila kitu. Bana ngozi kwa pini, funika kwa maji. Spematheka ni viduara vidogo pembeni. Vifuko vya manii ni vikubwa, vyeupe, vimezunguka umio.

KimaraTemboni: Na hawa wa bustani za hapa Dar, hesabu ileile?

MwlBaiolojia: Usikariri. Pheretima posthuma, aina nyingine, ana jozi 4, pingili 6 hadi 9, na mkanda wake uko 14 hadi 16. Anza kwa kuhesabu pingili hadi mkanda ulipo.