Naenda Mbeya kukaa kwa rafiki yangu, nataka kulizunguka jiji kwa miguu. Nianzie wapi?

Mwana_wa_Masasi:
Habari zenu wakuu. Mwezi wa saba Mungu akijalia ntakuja Mbeya, napita Tunduru, Songea, Njombe mpaka Makambako afu nashika barabara kuu. Nafikia Ilomba kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, anaishi na mke wake na wana mtoto mchanga. Jamaa kanikaribisha kwa moyo wote, ila yeye anatoka kazini jioni na shemeji yuko na mtoto, sasa sitaki niwape kazi ya kunizungusha. Mi ni mtu wa kutembea, mji ambao sijaukanyaga kwa miguu yangu naona bado sijaufika. Wenyeji naomba mnisaidie, Mbeya inatembeleka au bila bajaji huendi popote? Na hiyo baridi mnayoisema ni ya kweli? Maana huku kwetu sina hata sweta.

Binti_Sinde:
Karibu sana kaka. Inatembeleka vizuri tu, ila kwanza ujue jiji lilivyokaa. Juu kaskazini kuna mlima Loleza, chini kuna barabara kuu inayotoka Dar kwenda Tunduma, na jiji lote limelala hapo kwenye mteremko. Ukishajua hivyo hupotei hata simu ikizima, unainua macho tu, mlima ukiwa mbele yako unapanda mjini, ukiwa mgongoni unashuka kwenye lami kubwa.

Wageni wengi wanaishia Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati kwa sababu ndo kulikochangamka, afu wanaondoka wanasema Mbeya ni vumbi na malori. Inaniuma sana hii. Mji wa zamani uko juu, Uhindini, Sisimba na Sokomatola, ndo pale mji ulipoanzia miaka ya 1920 watu walipokuwa wanakimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya, na mpaka leo kuna barabara inaitwa Lupa Way. Mi nakushauri siku ya kwanza panda daladala mpaka mjini, shuka, anza kutembea ukiwa bado na nguvu. Pita Uhindini asubuhi maduka yakiwa ndo yanafunguliwa, tazama yale majengo ya zamani yenye vibaraza, mafundi cherehani wanatoa mashine zao nje wanatafuta jua maana ndani bado baridi. Usiwe na haraka hapo.

Afu ingia Sokomatola. Mwezi wa saba ni msimu mzuri, maharage yametoka shamba, utakuta mama kakaa na ungo anachambua, anapeta, anatoa mawe, pembeni yake kuna mafungu, ya njano peke yake, mekundu peke yake, yale yenye madoa peke yake, na sado imewekwa juu ya kila fungu. Muulize lipi linaiva haraka na lipi lina mchuzi mzito, atakueleza mpaka uchoke, na atakwambia limetoka kijiji gani. Kuna viazi mviringo, mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu. Nilikuwa naenda hapo na mama tangu mdogo na mpaka leo nikiwa na mawazo naenda tu kuzunguka hata kama sinunui kitu.

Ukitoka hapo teremka taratibu kwa miguu kupitia mtaa wa Forest, kuna miti na kelele ni chache, mpaka ufike barabara kuu. Kuteremka huko sio shida kabisa, kupanda ndo utahema, maana ninyi watu wa chini hamjazoea, hapa tuko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Siku mbili za mwanzo nenda polepole tu mwili utazoea wenyewe.

Kabwe_Boy:
Binti kaongea vizuri ila mkuu usidharau Mwanjelwa, kwanza ndo utanunua hilo sweta. Mitumba ya pale ni mizuri, koti zito unapata kwa bei ya kawaida kabisa ukijua kuongea na watu. Baridi ni ya kweli, mwezi wa sita na wa saba usiku inapiga haswa na upepo juu, mchana jua linawaka na linaunguza ngozi, kwa hiyo vaa nguo juu ya nguo ili upunguze saa tano ikifika.

Na ukiwa Mwanjelwa jua unatembea kwenye soko lenye historia. Lile la zamani liliungua 2006, wafanyabiashara wakatawanyika, wengi wakaenda soko la SIDO, na huko nako kukaungua 2017. Watu wamepoteza mitaji mara mbili na bado utawakuta saa kumi na mbili asubuhi wanapanga mzigo. Nawaheshimu sana wale watu.

La muhimu: usitembee kwa kufuata barabara kuu. Kipande cha Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, kimekuwa kwenye mradi wa njia nne, sehemu zenye ujenzi kuna vumbi na mitaro, na malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Pita mitaa ya ndani. Vijito vinashuka kutoka mlimani vinakata mitaa, sasa utakuta vinjia na vidaraja vya miguu vinavyounganisha mtaa na mtaa, uliza tu wenyeji "nataka kutokea sehemu fulani", watakuonyesha njia fupi ambayo gari haipiti. Simu weka mfuko wa mbele ukiwa stendi na sokoni, na giza likiingia panda bajaji urudi.

Mwana_wa_Masasi:
Asanteni sana jamani, nimeandika yote. Sasa nina mawili. La kwanza, huo mlima Loleza naweza kupanda peke yangu? La pili, naogopa rafiki yangu asije akaona namkimbia nyumbani kwake, mtu kakukaribisha afu wewe kutwa uko barabarani. Nimjulishe vipi?

Mama_Forest:
Mwanangu hilo la pili ngoja nilijibu mimi, maana kwangu wageni hawaishi. Mwenyeji hachukii mgeni kutembea, anachukia kukaa roho juu. Mgeni katoka saa mbili, saa nane hajaonekana, simu haipatikani, chakula kimefunikwa mezani, hapo ndo moyo unauma. Kwa hiyo usiku kabla hujalala mwambie rafiki yako na mkewe kesho unaelekea wapi na utarudi saa ngapi, na useme wazi kama mchana utakula huko huko, ili yule mama asiwashe jiko kwa ajili yako huku kabeba mtoto. Hilo peke yake ni msaada mkubwa.

Asubuhi usitoke kimya. Amka, salimia, kunywa nao chai hata kidogo, uliza kuna kitu kinatakiwa sokoni. Ukipita Sokomatola rudi na hayo maharage au ndizi za kupika, mkabidhi shemeji mwenyewe, usimpe mumewe. Halafu jioni simulia ulichokiona. Nakwambia kuna watu wamezaliwa hapa hapa na hawajawahi kupita Uhindini kwa miguu, wanapita na gari tu, mgeni akikaa kuwasimulia mji wao wanafurahi mno. Na usiongeze siku bila kuongea nao mapema, si unajua mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hata kama wao hawatakwambia.

Mlimani_Mby:
Loleza usipande peke yako mkuu, nakuomba. Si kwamba ni mgumu, ni mlima wa kutembea tu, hauhitaji kamba wala nini, kilele chake ni kama mita 2,656. Watu huwa wanaanzia ile barabara inayopandisha kaskazini kupita hospitali. Ila njia zinagawanyika, zingine ni za wakata kuni na ng'ombe, ukungu ukishuka huoni mita kumi mbele, na mtu mwenye simu na begi akiwa peke yake porini anajitia kwenye hatari bure. Tafuta mwenyeji anayeijua njia, muanze alfajiri, bebeni maji na kitu cha kuvaa. Juu kuna minara ya mawasiliano, wakikwambia mwisho hapa, huo ndo mwisho wako, usibishane.

Hata usipofika kileleni, nusu ya njia inatosha. Geuka tu uangalie chini, jiji lote linaonekana, mabati yanameta mpaka kwenye barabara kuu, na ng'ambo kule ni milima ya Uporoto. Mimi nikipata mgeni simpeleki kwenye hoteli yoyote kabla hajasimama pale.

Kama unapenda reli nenda pia stesheni ya TAZARA upande wa Iyunga, ila huko ni mbali kwa mtu wa Ilomba, nenda na daladala kisha utembee ukiwa kule. Reli yenyewe ni kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa miaka ya 70 na Wachina pamoja na watu wetu, na lile jengo la stesheni ukubwa wake unakuonyesha walikuwa na matumaini gani.

Mwana_wa_Masasi:
Mama Forest Mungu akubariki, hilo la kumkabidhi shemeji mkononi nisingeliwaza. Loleza ntamwomba jamaa tupande wote siku yake ya mapumziko. Swali dogo la mwisho, yeye mapumziko yake ni Jumapili, nayo Uhindini ntakuta nini?

Binti_Sinde:
Jumapili asubuhi maduka mengi Uhindini yamefungwa, na mwenyeji wako akiwa mtu wa kanisa hatapanda mlima siku hiyo, muulize kwanza. Kwaya za Moravian na Walutheri utazisikia toka mitaani, kama unapenda nenda nao ibadani. Halafu mchana mkishakula mwombe mtembee wote mitaa ya Ilomba jioni jioni, shemeji na mtoto wakiwemo, mwendo wao ni mdogo na utasalimiwa na kila mtu. Mlima muache mpaka jamaa apate siku nyingine, sikukuu ya Sabasaba iko mwezi huo huo na kazini hawaendi.