Wagonjwa 60 kati ya 100 wamechanjwa: chanjo imeshindwa?

Swali
Wakuu, jedwali la hospitali linaonyesha wagonjwa 100 waliolazwa kwa ugonjwa wenye chanjo: 60 wamechanjwa, 40 hawajachanjwa. Linasambazwa kwamba chanjo haina kazi. Hesabu inafanywaje? Nina asilimia tu, sina mafaili ya wagonjwa.

Jibu la 1
Jedwali hilo ni nusu ya hesabu. Eneo ambalo kila mtu amechanjwa, wagonjwa wote 100 wangekuwa wamechanjwa, hata chanjo iwe nzuri vipi.

Tafuta wangapi wamechanjwa katika eneo linalohudumiwa na hospitali. Tuseme watu 100,000, waliochanjwa 90,000. Gawanya 60 kwa 90,000: wanalazwa kama 67 katika kila 100,000. Kwa wasiochanjwa, 40 kwa 10,000 ni 400 katika kila 100,000. 67 kwa 400 ni 0.17, toa kwenye 1, ufanisi (kiasi ambacho chanjo inapunguza kulazwa) ni asilimia 83.

Ukiwa na asilimia tu: (60 ÷ 40) × (10 ÷ 90) = 0.17. Jibu ni lile lile.

Ila angalia, njia hii ya mkato inabadilika sana na kiwango cha chanjo. Weka asilimia 95 badala ya 90, ufanisi unaruka hadi 92. Weka 80, unashuka hadi 62.5. Weka 60, ni sifuri. Ndiyo maana usichukue kiwango cha leo; chukua cha siku walipoambukizwa, kabla ya kulazwa.

Jibu la 2
Na usiishie hapo, tenganisha umri. Israeli, katikati ya Agosti 2021, wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 walikuwa 515, na 301 kati yao walikuwa wamechanjwa kikamilifu. Ukigawanya kwa watu wote kwa pamoja, ufanisi ni kama asilimia 67. Ukigawa rika, walio chini ya miaka 50 wanapata karibu 92, na wenye 50 kwenda juu 85. Jumla iko chini ya makundi yote mawili! Sababu: wazee ndio waliochanjwa zaidi, na ndio wanaozidiwa zaidi hata wakichanjwa. Ukiwachanganya na vijana, umri unaivalisha chanjo lawama zake.

Jibu la 3
Soma pia maandishi madogo chini ya jedwali. Aliyelazwa kwa mguu uliovunjika akapimwa akakutwa na virusi, amehesabiwa? Aliyepata dozi siku tano zilizopita yuko upande gani? Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo mpe kundi lake. Wasiojulikana kama wamechanjwa wakitupwa kwa wasiochanjwa, chanjo inapendelewa. Kanuni iwe moja kwa wagonjwa na kwa watu wa eneo.

Muuliza swali
Shukrani. Kiwango changu cha chanjo kinahesabu hadi watoto wachanga wasioruhusiwa kuchanjwa. Kinafaa?

Jibu la 1
Hapana. Watoto hao wanajaza upande wa wasiochanjwa, na kama ugonjwa hauwalazi sana, kiwango cha kulazwa upande huo kinashuka na chanjo inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Waondoe kwenye idadi ya watu na kwenye orodha ya wagonjwa, kisha rudia hesabu kwa kila rika.