Hivi kuna kitu kinachoporomoka TARATIBU? Huyu mtu kanichosha

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Simtaji. Yule wa peni nyekundu.

Kwenye ripoti nimeandika "mauzo yameshuka kidogo". Yametoka 100 hadi 97, jamani, ningeandika nini? Bwana mkubwa kachomoa peni, kakata maneno yangu mbele ya watu wote, kaandika juu yake: YAMEPOROMOKA TARATIBU. Taratibu! Kapiga na mstari chini, kisha kanigonga begani: "Umeona, mdogo wangu? Hicho ndicho Kiswahili chenye nguvu."

Kinachoporomoka ni mawe mlimani. Ni ukuta uliolowa. Ndiyo maana tunasema maporomoko ya ardhi: ukigeuka, nyumba haipo. Soko la hisa la New York, Oktoba 1929, tarehe 28 lilipoteza karibu asilimia 13, kesho yake karibu 12 tena. Hapo sawa, andika limeporomoka hadi wino uishe. Cha polepole kinazorota, kinadorora, kinadidimia. Maneno tele, yeye kang'ang'ania moja. Huyu chai yake ikipoa, joto limeporomoka. Akishuka ngazi, kaporomoka (natamani).

Taratibu, wakuu. Kwa peni nyekundu. Na mstari chini.

chungu_cha_tatu: Pole mkuu. Ila hapo kilichoporomoka ni heshima yako, na haikuwa taratibu.

mama_kamusi: Na wewe mleta mada usiyarundike maneno hayo pamoja. Uchumi hudorora, afya huzorota. Peni nyekundu ulistahili.

pembeni_tu: Afadhali huyo. Wa kwetu kila kitu "kimepelekea". Mvua imepelekea, uzembe umepelekea. Sijui vyote vinapelekwa wapi.

chungu_cha_tatu: Wetu anasema "imeshuka chini". Siku akiona kitu kimeshuka juu atuite.

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye peni. Alipiga MSTARI.

pembeni_tu: Mstari mmoja tu unalia? Mimi jana nimekaa masaa matatu namsikiliza wangu akipelekea.

mama_kamusi: Masaa?! Ni saa tatu.

pembeni_tu: Saa tatu asubuhi au usiku?

mama_kamusi: Muda wa saa tatu! Mnanipandisha presha.

chungu_cha_tatu: Presha imepanda juu au imepanda chini?