Naomba ushauri: zirkoni zinanionyesha chanzo cha mchanga, au kituo cha njiani tu?

Wakuu, habari zenu. Ninachunguza miamba ya mchanga ya kale sana, isiyo na kisukuku hata kimoja, na nataka kujua mchanga wake ulitoka milima ipi. Nimepima umri wa chembe za zirkoni, madini magumu yanayopatikana kwenye mchanga, kwa njia ya urani na risasi: urani huoza polepole na kuwa risasi. Zirkoni inapoganda kwenye magma (mwamba ulioyeyuka) hupokea urani na kuikataa risasi, hivyo karibu risasi yote unayoikuta ndani imezaliwa humo humo. Nusu uhai wa urani-238, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni takriban miaka bilioni 4.47, kwa hiyo saa hii haichoki mapema.

Nimepata makundi mawili ya umri, na yote yanalingana na graniti za upande mmoja. Kinachonitatiza ni kwamba chembe nyingi ni za mviringo mno, kana kwamba zimesafiri sana. Zirkoni ni ngumu, inaweza kumomonyoka kutoka mwamba wa mchanga wa zamani zaidi na kuingia huu bila umri wake kubadilika. Tena basalti, mwamba mweusi wa volkano, hutoa zirkoni chache sana, kwa hiyo huenda kuna mlima mzima nisiouona.

Waliowahi kufanya kazi hii, mngeongeza nini kwanza: isotopu za hafni (elementi iliyomo ndani ya zirkoni, inayodokeza asili ya magma) kwenye chembe zilezile, au umri wa apatiti na rutili, madini mengine ambayo yanaeleza zaidi kuhusu kupoa kwa milima? Fedha zinatosha kipimo kimoja tu. Mimi naegemea apatiti, kwa sababu haivumilii safari nyingi. Je, hali ya hewa ya kale haikuweza kuiyeyusha kabla haijafika?