Ushauri: Albamu gani za emo na pop-punk nirudie? Nahisi sikuwahi kuzisikia

Popo wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa namsaidia mama kutoa vitu chumbani, Tabata, fundi anakuja kubadilisha dari. Chini ya kitanda nikakuta ule mkoba wa CD wenye zipu. Nyingi zimeota ukungu, ila moja iliyoandikwa kwa maka pen "ROCK KALI 150" imekubali kusoma kwenye kompyuta ya ofisini. Wa rika langu mnaijua hiyo biashara: unakwenda steshenari na hela yako, jamaa anakuchomea CD ya MP3, nyimbo mia na hamsini, kazipanga anavyojua mwenyewe. Nilikuwa kidato cha tatu. Green Day, Simple Plan, Blink-182, My Chemical Romance, wote wamebanana humo kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni.

Nimekaa nayo wiki nzima na nimegundua jambo linalonikera. Najiita shabiki wa huu muziki, roki ya kasi na ya hisia, karibu miaka ishirini, lakini sijawahi kusikiliza albamu hata moja ya hawa watu tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na vipande tu. Wimbo mmoja wa huyu, miwili ya yule, na deki yetu ilikuwa inapiga kwa kufuata alfabeti.

Sasa nina miaka 35, kila siku ya kazi natoka Kimara kwenda Kivukoni na mwendokasi, na bando lina mwisho wake. Nitajieni albamu chache ambazo mtu mzima anaweza kukaa nazo bila kujionea aibu. Sitaki orodha ya hamsini, na "zote kali mkuu" pia sitaki.

La pili. Humo kuna faili limeandikwa "LINKIN PARK mpya KALI SANA 07". Si Linkin Park, hilo nalijua hata ukiniamsha usiku wa manane. Ni jamaa wanapiga gitaa za kasi halafu kuna fidla, fidla kabisa, kama ya taarabu. Wimbo unafika pale wanapotulia, unakatika. Ndio niliupenda kuliko yote, na mpaka leo sijui ni wa nani.

Nawasilisha.

Mkude wa Sinza

Anza na Linkin Park, Hybrid Theory, ya mwaka 2000. Uzi ufungwe.

fundi_spika

Mkude, Linkin Park ni nu metal, roki nzito iliyochanganywa na rap. Najua ni unga uleule wa ngano, lakini mwenzio kaomba chapati unampelekea andazi.

Popo, hapo kwenye alfabeti umenigusa. Chukua American Idiot ya Green Day, ya 2004. Ile albamu ni hadithi ya kijana anayeondoka kwao kitongojini, anaingia mjini, anaharibikiwa, anarudi. Ina nyimbo mbili zinazopita dakika 9 kila moja, na kila moja imeunganishwa kwa vipande vitano. Sasa sikia: "Holiday" na "Boulevard of Broken Dreams" zimeshonwa pamoja. Mwisho wa ya kwanza ndio mlango wa ya pili, ile kelele ya sherehe inaisha na mtu anajikuta barabarani peke yake. Deki yako ilikuwa inaanza na B, halafu H inakuja baadaye. Kwa hiyo miaka yote hiyo wewe ulikuwa unasikia mtu anaamka na uchovu, halafu ndio anakwenda kwenye sherehe.

Kingine, kabla hawajaitengeneza hiyo walikuwa wamesharekodi albamu nyingine, kanda zikapotea studio, ikasemekana zimeibiwa. Badala ya kuirekodi upya wakaanza kitu kipya kabisa. Mimi fundi wa redio, hadi leo mteja akija analia kapoteza flashi yenye kazi zake namsimulia hii habari, ingawa haimsaidii.

Ya pili ni The Black Parade ya My Chemical Romance, 2006. Prodyuza ni yuleyule wa American Idiot, Rob Cavallo. Inaanza na mlio wa ile mashine ya hospitali inayohesabu mapigo ya moyo, maana mhusika ni mgonjwa anayekufa, na kifo kinamjia kwa sura ya gwaride alilopelekwa na baba yake utotoni. Wimbo wa kwanza jina lake ni "The End." Kwa deki yako uliangukia herufi T, karibu na mkiani. Humo ndani kaimba hadi Liza Minnelli, yule mwigizaji mkongwe wa Marekani. Ukiisikiliza kwa mpangilio wake utaelewa kwa nini watu wazima wanaitetea.

Na tafadhali usisikilizie spika ya simu. CD zile zilikuwa kbps 128 (kipimo cha ubora wa faili la muziki) au chini ya hapo, matoazi yanasikika kama samaki anakaangwa. Pakua kwa 320. Dakika moja inakula kama MB 2.4, kwa hiyo American Idiot yenye dakika 57 ni MB 137 hivi. Si bando la kukufilisi.

Mtoto wa Tandale

Watu wazima na familia zao wanajadili wazungu waliopaka wanja wakilia kuachwa. Dar hii hii yenye joto hili, mlikuwa mnavaa sweta nyeusi?

Popo wa Tabata

Sweta hapana mkuu. Nilivaa ukanda wenye vyuma na soksi za mistari kwenye mikono. Mama alinitazama tu akaniambia niende gengeni hivyohivyo.

fundi_spika

Mtoto wa Tandale, wewe unapenda singeli inayopita mapigo 200 kwa dakika, halafu unashangaa dramu za Travis Barker? Kaisikilize Enema of the State ya Blink-182, 1999, sikiliza mikono ya yule bwana tu, mengine achana nayo. Ndiyo albamu yake ya kwanza nao, aliingia 1998. Ila Popo, utani wao mwingi ni wa wavulana wa bwenini. Mimi sikuweza kuumaliza mwanangu akiwa sebuleni.

BintiFeri

Hapo sasa. Mmeorodhesha wanaume tupu hadi nimelazimika kuingia.

Kaka Popo, Riot! ya Paramore, 2007. Hayley Williams, mwimbaji wao, alikuwa na miaka 18 ilipotoka. Mimi nilikuwa nayo kwenye memori kadi, nasikiliza kwenye pantoni kila asubuhi nikivuka kwenda shule, na nilikuwa naamini kabisa kwamba naimba vizuri kuliko yeye. Niliirudia mwezi uliopita nikijua itanichosha. Haikunichosha. Sauti inapanda bila kulazimishwa, gitaa zimebana, hakuna wimbo wa kujazia.

Ila kuna ule wimbo maarufu kuliko yote humo, unamdhihaki msichana mwingine kwa sababu ya mvulana. Nilipokuwa na miaka 15 niliuimba kwa hasira, namlenga jirani kabisa, namuona anaanika nguo. Sasa hivi naona haya. Na si mimi peke yangu: Paramore wenyewe waliacha kuupiga jukwaani 2018 kwa sababu ya mstari mmoja humo, wakaurudisha 2022. Ndio maana mimi nikimshauri mtu kurudia muziki huu namwambia ajiandae, huu muziki una wavulana wengi wanaomlaumu msichana ambaye hapewi nafasi ya kujibu. Taarabu angalau ukipigwa fumbo leo, kesho nawe unapanda jukwaani unajibu.

Mdogo wangu anampenda Olivia Rodrigo. Nikamuonyesha kwamba wimbo wake mmoja wa 2021 ulikuja kuongezewa majina ya Hayley Williams na Josh Farro, mpiga gitaa wao wa zamani, kwenye waandishi, kwa sababu ya kufanana na huo wa Paramore. Siku hizi ananiita dada kwa heshima kidogo.

Mzee wa Deki

Vijana, shikamooni mnapaswa kunipa ninyi, kwa sababu huenda CD hiyo nimeichoma mimi.

Nilikuwa na steshenari Kinondoni miaka ya 2004 hadi 2009. Fotokopi, kuchapa barua, na kuchoma CD. CD moja ina MB 700, ukibana nyimbo kwa kbps 128 zinaingia mia na hamsini bila shida, na mteja alikuwa anahesabu wingi, si utamu. Nyimbo nilikuwa nashusha usiku, intaneti ya kutambaa. Mwaka 2006 ule wa mgao ndio usiseme. Umeme ukikatika katikati, faili linabaki nusu. Kulianza upya ni usiku mwingine. Nilikuwa nauza hivyohivyo. Mteja akilalamika namwambia ndivyo walivyorekodi.

Na jina la Linkin Park ni kweli tulikuwa tunaandika sisi. Wimbo wowote wenye gitaa la kelele ambao bendi yake haijulikani unapewa Linkin Park, unatoka siku hiyohiyo. Ukiandika jina lenyewe unakaa nao mwezi mzima.

Popo wa Tabata

Mzee wangu, shikamoo. Mimi nilichomewa Tabata Relini, kwa hiyo wewe umepona. Ila nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili kaniuliza kuna nini. Nilikuwa nawasimulia watu kwamba wale jamaa wana ubunifu, wanakata wimbo ghafla ili ubaki na kiu.

Kimya Kingi

Nachangia kidogo. Bleed American ya Jimmy Eat World, Julai 2001. Kampuni yao ya zamani ilikuwa imeshawaacha, wakafanya vibarua, wakajilipia kurekodi. Baada ya Septemba 11 wakaliondoa hilo jina kwenye jalada, ikabaki na jina la bendi tu, ndiyo maana utaikuta kwa majina mawili. Ina nyimbo 11, dakika 46 au zaidi kidogo. Kimara mpaka Kivukoni, ukijumlisha na foleni ya kuingia kituoni, inakutosha.

Humo kuna "Hear You Me". Ni wimbo wa kuwaaga akina dada waliokuwa wakiendesha klabu ya mashabiki wa bendi ya Weezer, walikufa kwa ajali ya gari 1997. Hakuna kelele wala lawama. Ni mtu anasema asante ambayo hakuwahi kuisema. Niliusikiliza baada ya kumzika kaka yangu, sikuendelea na wimbo unaofuata siku hiyo.

Kama una usiku wa mvua, American Football ya 1999, ile yenye picha ya nyumba. Nyumba yenyewe ipo Urbana, Illinois. Walitoa hiyo moja, bendi ikavunjika, wakarudi 2014 wakakuta watu waliokuwa wadogo wakati ule wanawasubiri. Gitaa zinazungukana taratibu na tarumbeta inaingia kama imepotea njia.

Mkude wa Sinza

American Football nimeijaribu sasa hivi. Nimelala.

Kimya Kingi

Ndiyo kazi yake nyingine.

Dogo wa Vibanda

Popo, wimbo wako nimeupata, na nimeupata kwa sababu ya gemu.

Kulikuwa na kibanda Magomeni, PS2 tatu, moja inakula hela bila kurudisha padi. Gemu la magari, Burnout 3, la 2004. Ile gemu ndiyo ilinifundisha huu muziki wote: My Chemical Romance walikuwemo, Fall Out Boy, Jimmy Eat World, na hao wenye fidla. Nilikuwa nagonga gari makusudi ili nisitoke kwenye wimbo.

Wanaitwa Yellowcard, watu wa Jacksonville, Florida. Mpiga fidla ni Sean Mackin, na si mgeni mwalikwa, ni mwanabendi kabisa. Albamu ni Ocean Avenue ya 2003. Kwa jinsi ulivyoeleza, unakatika wanapotulia, jaribu wimbo uliobeba jina la albamu. Kama sio huo nitakuletea mwingine, ila nina uhakika mwingi.

BintiFeri

Fidla! Bibi yangu wa Unguja angewakubali hao.

Popo wa Tabata

Wakuu, narudisha mrejesho, siku nne baadaye.

Bleed American nimeimaliza mara mbili. Kimya Kingi, pole sana kwa kaka. Ule wimbo umenikuta Jangwani, tumesimama, maji yamejaa barabarani, basi zima kimya. Sitasema zaidi.

American Idiot kwa mpangilio ni kitu kingine kabisa. Ile sehemu aliyoisema fundi, Holiday inavyoshuka kuingia Boulevard, nimeirudisha mara tatu nikapitiliza kituo. Black Parade nusu ya kwanza nimeipenda, nusu ya pili bado naona wamezidisha chumvi, nitairudia. Riot! mke wangu ameichukua, simu sijarudishiwa. Blink nimeishia wimbo wa nne, dramu nimezielewa, utani sina umri nao tena. American Football naihifadhi kwa masika.

Na Dogo wa Vibanda, ndiwo wenyewe. Nimeujua kwenye sekunde ya tano. Nilikuwa nimesimama kituoni Kivukoni, sijaingia ofisini, nikasema ngoja nifike pale unapokatika. Ukafika. Wanatulia, jamaa anaimba karibu peke yake, na mimi mwili mzima ushazoea kwamba hapo ndio mwisho, kidole kimeshaenda kwenye simu. Haukukatika. Dramu zikarudi, fidla ikarudi, wote kwa pamoja, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Kumbe ulikuwa na mwisho, wakuu. Nimechelewa kazini dakika kumi na tano na bosi nimemwambia foleni.

Mzee wa Deki

Samahani kwa niaba ya wenzangu wa Tabata.