P52: mwaka 125 au 200?

Wakuu, P52, kipande cha papiri cha Injili ya Yohana kilichoko maktaba ya John Rylands, Manchester, wengi hukipa mwaka 125, wengine hadi 200. Kwa nini? Na tunajuaje kilikuwa kitabu, si gombo?

— Kimeandikwa pande zote mbili, maandiko yakifuatana kama kurasa za kitabu: mbele Yohana 18:31-33, nyuma 18:37-38, mistari saba kila upande. Hesabu herufi zilizopotea katikati, unapata takriban mistari 18 kwa ukurasa.

— Tarehe inakisiwa kwa mtindo wa mwandiko tu. Mtaalamu wa papiri C. H. Roberts mwaka 1935 alikilinganisha na hati kadhaa, ikiwemo papiri ya Egerton (mabaki ya injili isiyojulikana). Mwaka 1987 kipande kingine cha Egerton kilichapishwa, kina apostrofi kati ya konsonanti, desturi iliyozoeleka karne ya 3. Yaani rula yenyewe ya kupimia, Egerton, ikasogea! Mwaka 2005 mtafiti Brent Nongbri akaonyesha miandiko inayofanana hadi mwanzo wa karne ya 3. Kuking'ang'aniza mwaka mmoja ni kosa, hasa kwa kipande kidogo hivi, kama sm 9 kwa 6.

— Nyongeza: kwenye kipande hicho, neno la Kigiriki "hemein" badala ya "hemin" (kwetu) si tofauti ya maandiko. Sauti "ei" na "i" zilikuwa zimeshalingana, mwandishi akaandika alivyosikia.